Koti Jekundu

Ngazi ni kumi na tatu kushuka chini ya nyumba.
Ya saba hulia; ndivyo ninavyojua, nikiwa jikoni,
kwamba Eckhard ameenda kazini.
Amestaafu miaka tisa. Kazi yake sasa
ni mita nne za mbao kwa mbili na nusu,
na juu yake bonde letu zima la Saksonia
limepunguzwa mara themanini na saba,
na sisi tumo.

Reli ya kweli waliing'oa nikiwa na mimba ya Torsten.
Walikuja na winchi, wakalaza mataruma kando kama mbavu,
wakaenda zao. Siku hizi hupita baiskeli,
watu wenye kofia ngumu wanaosema pazuri hapa.
Eckhard hajibu. Hununua gundi.

Kokoto huzipepeta kwa chujio langu la chai;
sikulidai, na nisingelitaka tena.
Udongo ni machicha ya kahawa yaliyokaushwa kwenye oveni.
Miti ni maua makavu ya bustani
yaliyopuliziwa dawa ya nywele, yangu,
ile ya kwendea harusi za watu.
Kutu ni vumbi la chaki na mate kidogo
kwenye ncha ya brashi.
"Kipya hudanganya," huniambia.
"Behewa safi halijawahi kwenda popote."
Jioni tatu huchafua behewa moja.
Mashati nafua mimi.

Juma lililopita aliniita, akazima taa kubwa.
Madirisha ya stesheni yakawaka, kila taa punje ya mtama.
Treni ikatoka handakini, polepole, inakohoa,
ikajikwaa penye njia panda ya kiwanda cha mbao
kama inavyojikwaa siku zote.
Akaitukana kwa upole, akairudisha relini
kwa kidole kidogo, kama anayefuta tongo la mtoto.
Kisha akanipa lenzi. "Jukwaani," akasema. "Tazama."

Mwanamke, urefu wa ukucha wa kidole gumba.
Sanduku mkononi. Koti jekundu.
"Ni wewe, siku ile uliyoshuka kuja kuanza kazi kiwandani.
Nilikuwa nachochea makaa. Nilikuona kutoka kwenye injini."

Nikasema, amefanana.

Koti langu lilikuwa la buluu.
Jekundu lilikuwa la Sieglinde,
aliyeshuka mbele yangu, akacheka na mshika bendera,
akafuma soksi pamoja nasi majira mawili ya baridi,
akahamia Leipzig asituandikie hata kadi.

Nimelala na jambo hilo siku nne.
Linakaa ubavuni kama kitufe kilichopotea kitandani.
Miaka arobaini na saba ya supu, ya homa za Torsten,
ya mkono wake mgongoni mwangu penye barafu:
ni nani aliyekuwa akishikwa?

Usiku wa tano nikashuka. Ya saba niliiruka.
Nikaketi kwenye stuli yake, nikafungua rangi ya buluu,
brashi yenye nywele tatu, na mkono wangu
(nina miaka sitini na saba) ukatulia kabisa.
Lakini sikumgusa Sieglinde.
Alishuka pale. Ni kweli alishuka.

Kwenye kopo kulikuwa na watu wasiopakwa rangi bado,
weupe wote, kama walioamshwa kabla ya alfajiri.
Nikachagua mmoja, nikamvika buluu,
nikamgandisha hatua mbili nyuma ya jekundu,
karibu na madebe ya maziwa,
kwa sababu ndipo nilipokuwa,
nikibadilisha mkono, sanduku likiwa zito.

Asubuhi ngazi ya saba ililia mapema.
Alikaa huko hadi viazi vikapoa.
Alipopanda alikuwa na gundi kwenye nyusi,
akala, akaomba chumvi, hakusema neno.

Alipokwenda kulala mchana nikachukua lenzi.
Injini imesimama jukwaani, nje ya ratiba.
Yule mchochea makaa dirishani
ana mstari mwembamba shingoni: amekatwa kwa wembe,
akagandishwa upya, kichwa kimegeuka kidogo,
kidogo sana, kupita koti jekundu,
kuelekea kwenye madebe ya maziwa.

Gundi ilikuwa bado mbichi.